Mhasibu, Ukituacha Waambie KRA

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini kama wengi wenu. Kitambaa shingoni, chupa ya maji mkononi, viatu vya kukimbia. Kizazi chetu kilikuwa kimeusoma ule Mswada wa Fedha kuliko wabunge wenyewe. Ungemwamsha msee wa miaka ishirini saa nane usiku angekwambia mkate ulikuwa umelengwa na VAT ya asilimia 16, na gari la babake lilikuwa linaviziwa na ushuru wa asilimia 2.5 kila mwaka. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi. Tulishangilia huku tukilia, maana kuna wenzetu hawakurudi nyumbani.

Wiki tatu baadaye nikagundua kitu cha aibu. Mimi, mtaalamu wa ushuru wa barabarani, sikujua imeli ya nani ilikuwa kwenye iTax ya kampuni yangu mwenyewe.

Acha niwaambie vile ilienda, halafu niwaambie nani amenikasirisha. Niko kwenye hiyo orodha pia, kwa hivyo tulieni.

Tuko watatu. Tulisajili kampuni ndogo ya kupiga video: harusi, matangazo ya biashara ndogo, kazi za mitandao. Mwanzoni tulikuwa tumeandika vijana wawili kwa mshahara, mhariri na mtu wa kamera. Kwa sababu ya hao wawili, mhasibu wetu akatusajilia PAYE, ule ushuru wa mishahara. Mhasibu mwenyewe alikuwa mzee mpole, tulimwita Bosi, yeye akituita "vijana wangu". Yeye ndiye aliyefungua akaunti ya iTax. Imeli aliyoweka ni yake. Nambari ya simu ni yake. Paswadi alikuwa nayo yeye, na sisi tuliona hiyo ni huduma bora kabisa. Kwani si ndiyo maana unalipa mtu, ili usisumbuke?

Agosti 2023 mambo yakaharibika. Kazi ilipungua, wale vijana wawili wakaenda kutafuta kwingine, na Bosi tukabaki na deni lake la shilingi 15,000. Akapiga simu mara mbili. Tukamwambia angoja kidogo. Akanyamaza. Nasi tukanyamaza. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: hakuna wafanyakazi, hakuna mshahara, kwa hivyo hakuna PAYE. Hakuna mhasibu, hakuna bili. Tumeachana kwa amani.

Julai 2024 tukapata dili ya shilingi 240,000. Kampuni iliyotupa kazi ikaitisha karatasi za kawaida: cheti cha usajili, PIN, na cheti cha ulipaji ushuru, ile TCC. Hapo ndipo nilitaka kuingia iTax mara ya kwanza maishani. Nikabonyeza pale pa kusahau paswadi. Mfumo ukaniambia ujumbe umetumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa. Nikangoja. Nikaangalia hadi kwenye takataka za imeli. Hakuna kitu, kwa sababu ujumbe ulikuwa umeenda kwa Bosi.

Nikampigia. "Vijana wangu," akasema, "mimi na nyinyi tuliachana mwaka jana."

Nikamuuliza, "Na KRA walijua, Bosi?"

Kimya. Halafu akasema, "Hiyo ni kampuni yenu."

Tulibeba vitambulisho, barua iliyotiwa sahihi na wakurugenzi na CR12, tukaenda kubadilisha imeli kwa njia halali. Tulipoingia ndani, leja ilikuwa nyekundu. Kila mwezi tangu Agosti 2023 hadi Juni 2024, ritani ya PAYE haikuwa imefailiwa. Miezi kumi na moja. Sheria inasema mwajiri aliyechelewa kufaili PAYE anapigwa asilimia 25 ya ushuru anaodaiwa au shilingi 10,000, yoyote iliyo kubwa. Asilimia 25 ya sufuri ni sufuri, kwa hivyo tukapata ile nyingine. Elfu kumi mara kumi na moja ni 110,000. Ongeza ritani ya kampuni ya mwaka 2023, ambayo ilitakiwa kuingia kabla ya Juni 30 na haikuingia: faini yake kwa kampuni huanzia 20,000. Jumla 130,000. Hatukuwa tunadaiwa hata shilingi moja ya ushuru wenyewe. Tulidaiwa kwa kukosa kusema "hatuna kitu" kila mwezi.

Dili ikaenda kwa wengine. Tukauza kamera moja na lenzi yake. Mwenzetu mmoja alikuwa ametegemea sehemu yake ya hiyo dili kumlipia dadake karo. Hilo ndilo linaniuma hadi leo, kuliko faini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu sitaki mtu aseme nalia KRA walinionea. KRA walifanya kile sheria inasema. Kwa macho yao, kampuni yetu ilikuwa na PAYE, ilikuwa na imeli inayofanya kazi, na ilikuwa ikitumiwa ujumbe. Kwamba imeli ile ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi, wangejuaje? Hakuna aliyewaambia. Ugomvi wangu uko hapo tu, kwenye hayo maneno mawili: hakuna aliyewaambia.

Msimamo wangu ni huu. Mhasibu yeyote anayeacha kumfanyia mteja kazi ya ushuru anafaa kufanya mambo mawili siku hiyo hiyo: amwandikie mteja, na awajulishe KRA. Asiseme "nilidhani wanajua" wala "hawakunilipa". Ukiacha bila kusema, umeacha mlango wa mtu wazi usiku, na ufunguo umeondoka nao mfukoni.

Najua wahasibu watakuja juu. Nimeongea na wachache tangu wakati ule, na hoja zao nazijua. Nazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza: "Ritani ni ya mwenye PIN." Ni kweli. Kisheria kuwa na mtu wa kukufailia hakukuondolei mzigo. Faini inaandikwa kwa PIN yako, haiandikwi kwa yake. Lakini hebu fikiria daktari. Mwili ni wangu, sikatai. Daktari akiamua hatanitibu tena, ana haki. Lakini majibu ya vipimo vyangu yakiendelea kutumwa kwa simu yake, na yeye anayaona, anayafuta, hasemi kitu, utasema "mwili ni wako"? Mzigo kuwa wangu haumpi yeye ruhusa ya kunificha kwamba unaanguka. Tena yeye ndiye anayejua kalenda. Anajua PAYE ni kabla ya tarehe 9, VAT ni kabla ya tarehe 20. Anajua kwamba kuwafuta wafanyakazi hakufuti PAYE kwenye mfumo, na kwamba ritani ya sufuri bado ni ritani. Mimi sikujua. Nilikuwa namlipa kwa sababu sikujua.

Hoja ya pili: "Hamkunilipa." Ni kweli pia, na hapa ndipo najilaumu. 15,000 ilikuwa pesa yake halali na tulimzungusha. Mtu asiyelipwa ana haki ya kuacha kazi. Lakini haki ya kuacha kazi na haki ya kuacha kimyakimya ni vitu viwili. Na kuna tabia mbaya zaidi ambayo wasee wengi wameniambia: mhasibu anakataa kukupa paswadi mpaka umlipe. Hiyo si kudai deni, hiyo ni kukamata mateka. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja na sheria inataka imalize ndani ya siku 60. 15,000 zangu zingetoshea pale vizuri sana. Bosi angenipeleka huko ningelipa, na ningemheshimu. Badala yake deni la 15,000 lilizaa hasara ya 130,000, na hakuna hata senti moja ya hiyo iliyoingia mfukoni mwake. Tulipoteza sisi, na yeye hakupata kitu.

Hoja ya tatu: "Mambo ya mteja ni siri, siwezi kuongea na KRA juu yake." Hii nilicheka. Hakuna aliyekuomba upeleke siri. Unasema jambo moja: kuanzia tarehe fulani, mimi si ajenti wa PIN hii. Hutaji mauzo yake, hutaji deni, hutaji kwa nini mmekosana. Siri ya mteja inalindwa hivyo hasa, kwa kuhakikisha barua zake haziendi tena kwa mtu ambaye si wake.

Na hapa wahasibu mnisikize, kwa sababu hii ni faida yenu. Jina lako likibaki pale, unabaki kwenye hadithi ya mtu. Mteja akifaili uongo mwaka ujao kwa akaunti uliyoifungua wewe, kwa imeli yako, utaanza kueleza kwamba ulishaondoka. Utaonyesha nini? Kumbukumbu zako? Barua moja yenye tarehe ndiyo ngao yako. Wahasibu wazuri wanalijua hili. Waliosajiliwa na ICPAK wana kanuni za maadili, na moja ya desturi za kazi yao ni kwamba mhasibu mpya humwandikia yule wa zamani kabla ya kuchukua kazi, aulize kama kuna jambo anafaa kujua. Yaani hata wao kwa wao wanaagana. Ni sisi wateja wadogo tu, wenye vikampuni vya watu watatu, tunaoachwa kama mpenzi wa mtandaoni. Umesomwa, hujajibiwa.

Na sisi tulipigwa faini tu. Ingekuwa mbaya kuliko hapo. Usipofaili, sheria inamruhusu Kamishna akukadirie ushuru mwenyewe kwa habari alizonazo. Ukipewa kadirio hilo na huliamini, una siku 30 za kupinga kwa maandishi. Siku 30 zinahesabiwa tangu ulipojulishwa, na kujulishwa kunaweza kuwa imeli tu. Sasa chora hiyo picha: notisi inatua kwenye imeli ya mtu aliyekuacha mwaka jana. Siku ya kwanza inapita. Ya kumi. Ya ishirini na tisa. Wewe uko Githurai unaedit video ya mtu akikata keki. Siku ya thelathini na moja, kile ulichokuwa na haki ya kukikataa kimeanza kugeuka deni. Unaweza kuomba muda uongezwe, lakini lazima uwe na sababu ya maana kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, na kuanza kueleza kwamba imeli si yako wakati wewe mwenyewe uliiacha pale ni kazi ngumu. Deni likikaa, linaongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Najua mmoja wenu anasema, "Mimi sina kampuni, hii hainihusu." Ngoja. Wewe ulipata PIN vipi?

Wacha nikisie. Ulimaliza shule, ukatimiza miaka kumi na minane, ukachukua kitambulisho, na HELB ikataka PIN. Ukaenda saiba. Jamaa wa saiba akakufungulia imeli hapo hapo, akaweka paswadi anayoweka ya kila mtu, akakuprintia karatasi, ukalipa mia mbili, ukaenda. Huyo jamaa ndiye mhasibu wako wa kwanza. Hujawahi kumwita hivyo, lakini ndiye aliyeshika ufunguo. Na siku alipofunga duka akahamia Kitengela, naye alikuacha bila kusema.

Ukiwa na PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato, unafaa kufaili kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama mapato yako ni sufuri. Faini ya mtu binafsi aliyechelewa huanzia shilingi 2,000 kwa mwaka. Miaka minne ya chuo bila kufaili ni 8,000, kabla hujapata hata kazi ya kwanza. Halafu siku ya kuitwa kazi unaambiwa ulete TCC, ndio unaanza kumtafuta jamaa wa saiba kama mtu anayemtafuta shahidi.

Na kwa wale wanaopata pesa mitandaoni kama mimi: tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 5. Hiyo asilimia 5 si ya kusahau. Ni ushuru umelipa mapema, na unapofaili ritani unaudai uhesabiwe. Kama akaunti yako iko kwa mtu mliyeachana, nani ataidai? Utalipa mara mbili na kusema serikali inatuibia. Labda inatuibia kwingine, hilo tutaongea siku nyingine. Lakini hapa umejiibia mwenyewe.

Hapa ndipo naingia kwenye orodha. Mimi nilisoma mswada wa kurasa nyingi kwa sababu ulikuwa unatrendi, na sikuweza kusoma leja yangu ya ukurasa mmoja. Nilimwambia mbunge wangu asinichukulie kama mtoto, halafu kwa ushuru wangu nikajifanya mtoto. "Bosi anajua." "Jamaa wa saiba ataangalia." Hii tabia ya kumpa mtu mwingine paswadi na kuita hiyo uaminifu lazima ife. Huwezi kumuuliza mtu pesa za umma zinaenda wapi wakati hujui barua zako zinaenda wapi.

Kwa hivyo, kama mmeachana na mhasibu, au unafikiria kuachana naye, fanya hivi. Usingoje yeye.

Kwanza, ingia iTax leo. Angalia imeli na nambari ya simu iliyosajiliwa. Kama si zako, badilisha. Kama huwezi kuingia, nenda ofisi ya KRA au Huduma Centre na kitambulisho chako. Usimtume mtu. Hapo ndipo yote yalianzia.

Pili, angalia kama kuna ajenti ameandikwa kwenye akaunti yako. Kama yupo na hafanyi tena kazi yako, mtoe. Na kabla ya kuchukua mwingine, ukurasa wa mbele wa iTax una sehemu inaitwa Agent Checker. Kazi ya ajenti wa ushuru inahitaji leseni ya KRA. Jamaa mwenye kompyuta na kujiamini si ajenti.

Tatu, angalia una wajibu gani kwenye PIN. Kama una PAYE na huna wafanyakazi, au VAT ambayo hujui ilitoka wapi, omba iondolewe, na hadi iondolewe endelea kufaili sufuri. Hii peke yake ingetuokoa 110,000.

Nne, mlipe mtu pesa yake. Sema ukweli, usimzungushe. Halafu umwombe akukabidhi: vitabu, risiti za kufaili, akaunti ya eTIMS, na orodha ya ritani ya mwisho aliyofaili kwa kila ushuru. Muwekeane sahihi.

Tano, andika barua. Usiogope, si insha ya KCSE. Ile ambayo Bosi angetuandikia ingetosha mistari minne:

"Kuanzia tarehe 31 Agosti 2023 sitashughulikia tena mambo ya ushuru ya kampuni yenu. Ritani ya mwisho niliyofaili ni PAYE ya Julai 2023. Ritani inayofuata inatakiwa kabla ya tarehe 9 Septemba, na ni jukumu lenu kuifaili. Nimewajulisha KRA, na nimewaomba mbadilishe imeli na simu kwenye iTax wiki hii."

Basi. Hakuna tusi, hakuna deni, hakuna siri. Kama ningepata hiyo imeli, au hata WhatsApp, leo ningekuwa na kamera mbili.

Na KRA, kwa heshima zote, kuna kitu mnaweza kufanya. Mna nambari zetu za simu. Kila Juni, kabla mtu hajafaili, mfumo umuulize swali moja tu: "Huyu bado ni ajenti wako? Hii bado ni imeli yako?" Na ajenti akijitoa, mwenye PIN apate ujumbe mfupi dakika hiyo hiyo. Benki inanitumia ujumbe nikitoa shilingi mia. Mtu anayeshika ushuru wangu wote akiondoka, nipate kujua kwa leja?

Mpaka hiyo ije, kazi ni yetu. Msamaha wa faini huja na kwenda, usijenge biashara yako juu yake. Sisi bado tunalipa kidogo kidogo, na Bosi tulimlipa 15,000 zake. Nilimpelekea mwenyewe. Alizichukua, akaniambia, "Vijana wangu, ningewapigia simu." Nikamwambia, "Ungetuandikia, Bosi. Sisi na KRA."

Hakujibu, lakini wiki iliyofuata mteja wake mwingine wa zamani aliniambia amepata barua ya mistari minne.

Sasa funga hii, fungua iTax. Angalia imeli. Kama si yako, unajua pa kuanzia.